Raba za skeiti zinazokwisha kabla ya wakati: dalili, chanzo na namna ya kuziokoa

Ubao wa skeiti umefunikwa msasa juu. Ukilikumbuka hilo, malalamiko mengi yanajieleza yenyewe: unachukua kiatu cha kitambaa, unakisugua kwenye msasa jioni nzima, kesho unarudia, halafu wiki ya pili kidole kinachungulia nje. Lakini si kila tundu limeletwa na msasa, wala si kila raba iliyofumuka ilikuwa mbovu tangu dukani. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikibandika na kutia viraka raba zangu na za wadogo zangu wa uwanjani, na wanayoniletea ni yale yale. Nimeyapanga hapa kwa dalili. Chini ya kila dalili, chanzo cha kwanza ndicho ninachokutana nacho mara nyingi zaidi; usipokiona kwenye kiatu chako, shuka kwenye kinachofuata.

Huku kwetu raba ikifa si jambo dogo. Anayeskeiti kwenye uwanja wa Shangilia pale Kangemi, Nairobi, au ule wa Kitintale mjini Kampala, mara nyingi hana duka la raba za skeiti la kukimbilia. Raba inatoka kwenye mitumba ya Gikomba au Toi, au inaletwa na mgeni, na ikipasuka unakaa pembeni ukiwatazama wenzako mpaka ipatikane nyingine ya namba yako. Ndiyo maana nasisitiza ukaguzi wa mapema. Gundi iliyopakwa kabla ya tundu hudumu. Iliyopakwa juu ya tundu inahangaika.

Kwanza kisome kiatu

Weka raba zote mbili mezani, kwenye mwanga wa dirisha, na ujiulize mguu gani hutangulia ubaoni. Anayetanguliza wa kushoto huitwa regula, anayetanguliza wa kulia ni gufi. Kiatu cha mbele huumia upande wa juu, pembeni kwenye kidole kidogo, kwa sababu ndicho kinachoburuzwa juu ya msasa ubao unaporuka. Kiatu cha nyuma huumia chini, kwenye soli, kwa sababu ndicho kinachosukuma ardhi na kufunga breki. Kwa hiyo raba mbili za jozi moja haziishi umri mmoja. Duka la Vans, lililoanza mwaka 1966 kule Anaheim, California, lilikuwa likiwauzia maskeita kiatu kimoja kimoja, maana wengi walikuja na kimoja kilichokwisha na kingine kizima. Sisi hatuna bahati hiyo, lakini mwishoni nitaeleza mbinu inayoikaribia.

Sasa hakikisha ulichokiona kinalingana na mguu wako. Regula mwenye tundu pembeni mwa kiatu cha kushoto, hilo ni la kawaida. Regula mwenye tundu pembeni mwa kiatu cha kulia ana jambo jingine: labda ananing'iniza mguu anaposukuma, ukagusa saruji. Kiraka hakitamsaidia mpaka aache.

Dalili: Pembeni kwenye kidole kidogo pamelainika, pameota nyuzi, au pametoboka

Hili ndilo tundu la oli, yaani kuruka na ubao bila kuushika kwa mkono, na ndilo linaloua raba nyingi kuliko mengine yote. Katika oli mguu wa nyuma unapiga mkia wa ubao chini, na ule wa mbele unalala ubavu na kujiburuza kuelekea pua ya ubao ili kuunyoosha hewani. Skeita Mmarekani Rodney Mullen alipoihamishia oli kwenye ardhi tambarare mwanzoni mwa miaka ya 1980, ubavu wa kiatu ukawa chombo cha kazi. Tundu likiwa limesogea mbele, kwenye kona ya vidole, ujue unafanya kikiflipu nyingi, zile oli ambazo mguu huupindua ubao ukazunguka hewani, maana pale ndipo mguu unapochomoka ubaoni.

Kipimo rahisi: zima taa usiku, washa tochi ndogo ndani ya kiatu, utazame kwa nje. Mahali panapopitisha mwanga pamebaki uzi mmoja tu. Kisha pitisha kidole. Ngozi nzima ni nene na ina ukinzani, iliyochoka inalegea kama shavu la mzee.

Chanzo cha kwanza ni kitambaa chenyewe. Raba ya turubai huweza kutoboka ndani ya siku chache za mazoezi makali, hata ikiwa mpya na ya bei. Ngozi ya swedi, ile yenye vinyweleo, hustahimili kuliko zote ninazozijua. Ngozi laini ya kung'aa hushika kiasi lakini gamba lake la juu hubanduka, na ngozi ya bandia hupasuka ghafla bila onyo. Ukiwa sokoni, ipitishie kidole: swedi halisi hubadilika rangi ukiisugua upande mmoja, na hurudi ukiisugua upande wa pili. Tazama pia ukingo uliokatwa, kwenye ulimi au kwenye matundu ya kamba. Ukiona wavu wa kitambaa chini ya utando wa plastiki, hiyo si ngozi. Na tafuta pale kwenye kidole kidogo: kipande kimoja kisicho na mshono ni bora kuliko vitatu vilivyoshonwa kwa mapambo.

Cha pili ni msasa mpya. Siku ubao unapobandikwa msasa mpya, kiatu kinakula hasara ya wiki nzima ndani ya saa moja. Chukua kipande cha msasa kilichobaki ulipokata kingo, ukigeuze uso kwa uso na ule wa ubaoni, usugue taratibu pale mguu wa mbele unapoburuzwa, na kwenye kingo za pembeni. Usisugue chini ya mguu wa nyuma. Pale unauhitaji ukali. Kikiflipu zitapungua kushika kidogo kwa siku mbili tatu, ukubali, kwa sababu raba haishonwi upya bure.

Cha tatu, raba kubwa. Tunanunua tunachopata, naelewa. Lakini kiatu kikizidi upana wa dole gumba mbele ya vidole, ngozi hukunjana pembeni na mkunjo ndio unaochubuliwa kwanza. Soksi nene au soli ya ndani ya ziada nyembamba husaidia. Zaidi ya hapo muuzie mwenye mguu mkubwa.

Cha nne, mguu unaoburuzwa zaidi ya inavyohitajika. Mwombe mwenzako akurekodi kwa simu kutoka pembeni. Anayejifunza oli mara nyingi husugua ubao kwa nguvu zote huku mkia haujapigwa sawasawa. Mkia ukipigwa vizuri ubao hupanda wenyewe, na mguu wa mbele unauelekeza tu.

Tiba, kama ngozi imelainika ila haijatoboka. Unahitaji gundi nzito ya viatu, ile inayokauka ikawa kama mpira. Jina linalojulikana zaidi ni Shoe Goo, na yoyote ya aina hiyo itafaa. Ondoa vumbi kwa mswaki mkavu, sugua mahali hapo kwa msasa laini mpaka pakwaruze, pitisha kitambaa chenye spiriti na usubiri pakauke. Zungushia selotepu ili gundi isisambae. Paka tabaka jembamba, unene wa ganda la yai, kisha lowesha kidole maji, kikiwa ndani ya mfuko wa plastiki, ulainishe. Ng'oa selotepu kabla gundi haijakauka. Halafu subiri saa 24, na kama unaweza subiri siku mbili au tatu. Hapa ndipo vijana wanaponiangusha: wanapaka asubuhi, jioni wako ubaoni, na gundi mbichi inabaki kwenye msasa. Tabaka mbili nyembamba zina nguvu kuliko moja nene, kwa kuwa nene hukauka juu na kubaki uji chini.

Usitumie silikoni ya madirisha. Ni laini na msasa unaichana siku ile ile. Gundi ya kuyeyushwa kwa moto hubanduka kipande kizima. Gundi ya njano ya fundi inashikanisha vitu viwili vizuri sana, lakini haikutengenezwa kusuguliwa.

Kama tundu limeshafunguka: kata kipande cha swedi kutoka kiatu kilichokufa, kikubwa kuliko tundu kwa upana wa kidole kila upande, uzungushe pembe zake ziwe mviringo maana pembe kali ndiyo inayoanza kubanduka. Toa soli ya ndani, kibandike kwa ndani kwa gundi ya njano, ukijaze kiatu magazeti ili kishike umbo. Kesho yake, kwa nje, ziba shimo lililobaki kwa ile gundi nzito. Kiraka cha ndani kinabeba nguvu, cha nje kinabeba msasa. Waliobandika kwa nje peke yake walirudi.

Simama hapa: tundu likifika kwenye ukanda wa mpira unaozunguka soli, gundi ya nyumbani haina pa kushika. Mpelekee fundi. Nilimpelekea mzee mmoja wa kando ya barabara kiatu cha hali hiyo, akakigeuza, akanirudishia mkononi na kuniambia, "Kijana, hiki ungekileta mwezi uliopita." Alinishonea, na kikadumu wiki tatu. Na kama msasa umeshafika kwenye ngozi yako mwenyewe, acha kuskeiti, osha kidonda kwa maji mengi na sabuni, ukifunike. Kikivimba, kikitoa usaha au wekundu ukipanda mguuni, nenda zahanati siku hiyo hiyo.

Dalili: Kamba zinakatika kila wiki

Zinakatika mahali pale pale, tundu la pili au la tatu kutoka chini, upande wa nje wa kiatu cha mbele. Chanzo karibu kila mara ni msasa kupita juu ya kamba wakati wa oli. Mara chache ni pete ya chuma ya tundu iliyopasuka na kuwa kisu. Pitisha ncha ya kidole ndani yake taratibu uihisi.

Kabla ya kununua kamba, badili njia yake. Ruka matundu mawili ya chini kwenye kiatu cha mbele, au ipitishe kamba kwa ndani ili juu kibaki kipande kifupi kabisa. Kamba ya bapa hudumu kuliko ya duara kwa sababu haijitokezi. Sehemu isiyoepukika ipake nta ya mshumaa, au tone la ile gundi nzito lililosambazwa. Ikikatika uwanjani, usifunge fundo pale ilipokatika, litakwama kwenye tundu. Ivute yote, anza upya kutoka tundu la juu zaidi na ukubali kiatu kilegee kidogo mbele.

Ncha iliyochanika unaweza kuiyeyusha kwa kiberiti ikiwa ni ya nailoni au poliesta. Ya pamba itawaka moto tu. Hiyo ifunge uzi mwembamba.

Kiatu chenye pete za chuma zilizopasuka mpelekee fundi azing'oe na kuweka mpya. Ni kazi ya dakika chache na vyombo vyake. Kwa koleo la nyumbani utararua ngozi.

Dalili: Mshono unafumuka ilhali ngozi ni nzima

Hii inasikitisha kwa sababu inazuilika kwa dakika tano. Uzi ulioshonwa juu ya ngozi umeinuka kuliko ngozi, kwa hiyo msasa unaufikia kwanza. Ukikatwa pointi moja, nyuzi za jirani zinafuatana.

Siku unapoileta raba nyumbani, kabla ya kuivaa, paka mstari mwembamba wa gundi juu ya kila mshono ulio pembeni kwenye kidole kidogo na kuzunguka vidole. Hapa supaglu inakubalika, kwa sababu inaingia ndani ya uzi na kuugeuza mgumu. Kwingine kote isiguse kiatu: ikikauka huwa kama kioo, na mahali panapokunjana kila hatua kioo kinavunjika na kukata ngozi.

Onyo la kweli kuhusu supaglu: ikigusa pamba hutoa joto kali, kiasi cha kuunguza mtu. Usiipake kiatu kikiwa mguuni na soksi ya pamba ndani. Usiifute kwa pamba ya hospitali wala kwa fulana. Ikikushika vidole, viloweke kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni uvitenganishe polepole, bila kuvuta. Ikiingia jichoni, usijaribu kulifungua kwa nguvu, nenda hospitali.

Mshono ukishafumuka zaidi ya urefu wa kidole, unashonwa, haubandikwi. Mwambie fundi atumie uzi wa nailoni na apitie matundu yale yale ya zamani kwa msharasi wake. Akitoboa mstari mpya karibu na ule wa kwanza, ngozi kati ya mistari miwili itachanika kama karatasi ya stempu. Ukifika nyumbani, mshono wake nao upake gundi.

Dalili: Soli inaachana na kiatu

Kwanza jua una soli ya aina gani, maana tiba zinatofautiana. Kuna raba ambazo soli yake ni tabaka jembamba la mpira, na ukanda wa mpira umezungushwa pembeni kufunika kiungo, kisha kiatu kizima kikaokwa ili vishikane. Hizi ni nyepesi na mguu unauhisi ubao vizuri. Nyingine zina soli ya bakuli: mpira mmoja mnene uliofinyangwa wenye kuta, kiatu kinakaa ndani yake, kinagundishwa na mara nyingi kushonwa kuzunguka. Hizi ni ngumu zaidi, na zinalinda kisigino. Namna ya kutofautisha: kunja kiatu katikati. Cha kwanza kinakunjika kwa mkono mmoja, tena ukanda wake una kiungo unachoweza kukiona, mara nyingi ubavuni au kisiginoni. Cha bakuli hakina kiungo na kinakupa kazi.

Chanzo nambari moja ninachokiona ni joto. Raba zimelowa, zikawekwa karibu na jiko, juu ya mabati saa sita mchana, au kwenye kioo cha gari. Gundi ya kiwandani inalainika, ngozi inakauka na kusinyaa, soli inafunguka vidoleni. Anika kivulini, zikiwa zimejazwa magazeti unayoyabadilisha yakilowa. Hakuna njia ya mkato.

Chanzo cha pili ni kufuliwa kwa kulowekwa usiku kucha. Cha tatu ni kuburuza ncha ya kiatu cha nyuma chini.

Cha nne kinawapata wanunuzi wa mitumba, na ndicho kinachoniuma zaidi, kwa kuwa mtu ametoa pesa yake kwa kiatu kinachoonekana kipya. Baadhi ya raba zina povu la poliyurethani kati ya soli na mguu. Povu hilo huozeshwa na unyevu wa hewa polepole hata likiwa limefungiwa kwenye boksi, na ukanda wa pwani, Mombasa hadi Dar es Salaam, una unyevu wa kutosha. Baada ya miaka, linageuka unga. Kiatu hakijavaliwa, kinang'aa, siku ya kwanza ubaoni soli inadondoka vipande. Ukiwa sokoni, bonyeza ubavu wa soli kwa kucha kwa nguvu, kisha kikunje mara kumi. Kikitoa chembechembe, kikibaki na alama ya kucha kama mkate, au kikinata, kirudishe kwenye fungu. Gundi haiponyi povu lililooza, itakachoshika ni unga tu.

Kama kilichoachia ni kiungo na mpira wenyewe ni mzima: fungua hadi pale panaposhikilia kwa nguvu, usilazimishe zaidi. Kwangua gundi ya zamani yote, sugua pande zote mbili kwa msasa, futa kwa spiriti. Paka gundi ya njano pande zote mbili, nyembamba. Usizishikanishe. Subiri dakika kumi hadi kumi na tano, mpaka ukigusa kwa kidole hainati tena kwenye kidole. Ndipo uzikutanishe, na zikutane mara moja sawasawa, kwani zikishaonana hazisogei. Gonga kwa nyundo iliyofungwa kitambaa, funga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli uliokatwa utepe, uache hadi kesho.

Gundi hiyo inatoa mvuke unaoshika moto na kulevya. Fanyia kazi nje, mbali na jiko na sigara. Ukihisi kichwa kuuma au kizunguzungu, funga kopo uondoke. Na kopo lisibaki mahali ambapo watoto wanafikia. Tunaoishi Nairobi tumeona gundi ilichowafanya watoto wa mitaani, na viwanja vyetu vimejaa watoto wadogo. Kopo lililosahauliwa kwenye benchi ni hatari kubwa kuliko oli yoyote.

Mpelekee fundi ikiwa soli imeachia zaidi ya nusu ya urefu, au umeshabandika mara mbili ikaachia. Soli ya bakuli inashoneka kuzunguka ukuta wake, na baada ya hapo huwa imara kuliko ilivyotoka kiwandani. Soli nyembamba ya kuokwa ifikirie mara mbili: sindano ikipita kwenye ukanda mwembamba inauachia mstari wa matundu, na ukanda unachanika hapo hapo. Fundi mzoefu atakwambia hivyo mwenyewe. Anayesema "nashona tu" kabla hajakikunja kiatu, chukua kiatu chako.

Dalili: Soli imekuwa laini, inateleza, au imetoboka chini ya dole gumba

Tazama kiatu cha nyuma. Chanzo cha kwanza ni breki ya mguu, soli ikiburuzwa kwenye lami mpaka ubao usimame. Cha pili ni kusukuma kwa ncha ya vidole badala ya wayo mzima. Cha tatu ni barabara: lami ya kokoto inakula mpira haraka kuliko saruji laini ya uwanja.

Dawa kubwa hapa iko miguuni. Jifunze kusimama kwa kukanyaga mkia wa ubao, au geuza ubao ukipunguza mwendo kidogo kidogo. Mkia nao unakwisha, ni kweli, basi changanya. Ukilazimika kutumia mguu, lalisha wayo wote na uanze mapema, badala ya kukandamiza sehemu moja kwa nguvu mwishoni. Wanaotembea masafa marefu kwa ubao wajifunze kusukuma kwa mguu wa pili pia; ni vigumu mwezi wa kwanza.

Michoro ya soli ikishafutika lakini mpira bado upo, jaza sehemu hiyo tu kwa gundi nzito, kisha kabla haijakauka kabisa ichore mistari kwa kijiti. Usiifunike soli nzima: gundi iliyolala kama bamba huteleza juu ya ubao uliolowa. Shimo likishatokea, fundi anaweza kupachika kipande cha mpira. Mwombe wa tyubu nene, si wa tairi. Mpira wa tairi haufi, lakini ni mzito na haukunjiki, utakuwa unapiga oli na kandambili za Kimasai.

Ukiona kitambaa au povu chini ya kiatu, siku hiyo usiruke. Msumari na kioo vinapita hapo bila kizuizi.

Dalili: Kisigino kinauma baada ya kuruka, kiatu kinaonekana kizima

Toa soli ya ndani, ibonyeze kwa dole gumba kisiginoni. Ikibaki imebonyea, imekufa, na hilo ndilo chanzo mara nyingi. Soli za ndani hufa kabla ya raba, na hakuna anayezikagua. Badilisha, ya raba nyingine ya mtumba inatosha kama bado inarudi juu ukiiachia. Usipange mbili nene, moja juu ya nyingine: kisigino kinapanda juu ya ukingo wa kiatu, na kifundo cha mguu kinakosa ukuta. Kama unaruka ngazi na una soli nyembamba ya kuokwa, hiyo kazi si yake. Tafuta ya bakuli.

Hapa sizungumzii kiatu tena. Ukishindwa kutembea hatua nne baada ya kuanguka, au mfupa wa kifundo ukiuma ukiugusa, au uvimbe ukija haraka, nenda hospitali upigwe picha ya eksirei. Usikaze kamba ukaendelea. Nimewaona waliokaza kamba.

Dalili: Bitana la kisigino limechanika, ulimi unakimbilia upande, kiatu kinanuka

Bitana huchanwa na kuvaa bila kufungua kamba. Kipande cha ngozi laini kilichobandikwa kwa gundi ya njano kinamaliza, lakini kiwe bapa, la sivyo kitakutia lengelenge. Ulimi unaokimbia uchane mpasuo mdogo katikati yake, upitishe kamba hapo. Harufu ni unyevu: toa soli ya ndani kila ukivua, na usivae raba ile ile siku mbili mfululizo kama unayo nyingine. Swedi haioshwi kwa maji mengi, ikikauka huwa ngumu na kupasuka. Mswaki mkavu unatosha.

Kiatu kikishakufa

Usikitupe kizima. Swedi ya kisigino na ya ubavu wa ndani haijaguswa na msasa, hivyo ndivyo viraka vyako. Toa kamba na soli ya ndani pia.

Na ile mbinu niliyoahidi. Kama wewe ni regula na una rafiki gufi mwenye namba kama yako, nunueni jozi mbili zinazofanana. Kiatu chako cha kushoto kitakufa ubavu, chake cha kushoto kitabaki na ubavu mzima. Vya kulia vitakuwa kinyume chake. Zikishachoka zote mbili, chukua chake cha kushoto na chako cha kulia: umepata jozi ya tatu yenye ubavu mzima pande zote. Ni jozi moja tu, kwa hiyo mkubaliane mapema nani anaanza, na safari ijayo awe mwingine. Soli zake zitakuwa zimechakaa, kwa sababu zote mbili zilikuwa zikisukuma, na ile ya mguu wa nyuma wa atakayeivaa itaendelea kusukuma. Hiyo ipake gundi usiku huo huo.